Mwenye Nyumba, Sini ya Tisa

Nimekufa mara kumi na moja, na mara zote nimelipwa,
isipokuwa ile ya Kigamboni, ambayo hadi leo
Kassiani anasema, "Kesho, kaka. Kesho jioni."
Nimekuwa daktari wa sentensi moja,
"Tumejitahidi, lakini…",
kwa koti jeupe nililoshonesha mwenyewe Kariakoo,
kwa fundi aliyeuliza natibu nini.
Nikamwambia: njaa.

Hii ni kazi. Nimewaeleza shemeji zangu,
nimemweleza karani wa benki
aliyeandika kwenye fomu "hana".
Ni kazi yenye begi: suti ya msiba, kanzu, sare ya mgambo,
viatu vya tajiri vilivyotoboka soli.
Kamera haipigi soli.
Saa kumi na moja alfajiri uko Tabata Kimanga,
nyumba ya kukodi, jenereta linakohoa,
na saa saba mchana hatujapiga hata kipande kimoja
kwa sababu ya jogoo wa jirani.
Obadia wa sauti akamnunua kwa elfu ishirini na tano.
Tukamla na wali, tukaanza kazi.

Nilipopewa mwenye nyumba, sini ya tisa,
Kassiani alisema, "Gombana nao tu. Paza sauti."
Nikakataa.
Mimi nina mwenye nyumba wangu, Vingunguti,
Mzee Shemdoe, ambaye sijamsikia akipaza sauti.
Anagonga mlango kwa ufunguo:
ti, ti-ti.
Anasalimia ukoo mzima, anauliza homa ya mtoto,
anatazama dari kana kwamba ndiyo inayodaiwa,
halafu anasema, polepole,
"Sasa."
Basi. Hamalizii.
Miaka sita nimelipa kodi, nikichelewa,
na miaka sita nimemsoma.

Nikaiba vyote: ufunguo, dari, "Sasa",
hata ile pumzi ya puani kabla hajaondoka.
Tulipiga mara moja.
Kassiani hakusema kata. Alisahau.

Ikarushwa Jumatano saa tatu usiku.
Alhamisi mtaa mzima ukaniita Sasa:
muuza mkaa, kinyozi, watoto wenye misumari
wakigonga mabati, ti, ti-ti.
Nikafunga dirisha.
Nilikuwa nadaiwa miezi miwili.

Ijumaa, baada ya swala, mlango uligongwa.
Kwa kidole.
Mzee Shemdoe aliingia, dari hakuitazama.
Alinitazama mikono, muda mrefu,
kama mtu aliyekuta shati lake limevaliwa na mwingine
na limemkaa.
"Ndivyo nilivyo?"
Nikatafuta mstari. Hakuna aliyeniandikia.
"Ndivyo ninavyokuona, mzee, siku ambazo sina."

Akanyamaza.
Kisha akasema mkewe, tangu apooze upande mmoja,
hakuwahi kucheka; na Jumatano
alicheka mpaka wakaogopa.
Akainuka. Mlangoni akageuka.
"Lakini ule ufunguo uliushika vibaya."
Akautoa mfukoni, akanionyesha, mara mbili.
Nikajaribu kwa ufunguo wangu.
"Legeza kiwiko," akasema. "Hivyo."

Kodi hakuisamehe, asije akadhaniwa vibaya.
Alinipa hadi tarehe thelathini.

Leo simu imeita. Kassiani.
Msimu wa pili, mwenye nyumba amepata sini tano,
watu wanamtaka, niwahi Jumatatu,
"na ile hela yako, kaka, kesho."
Nimekaa ukingoni mwa kitanda.
Ufunguo uko mkononi, kiwiko kimelegea.
Nimemuuliza habari za mama yake, za gari lake,
za Obadia na kelele zake.
Nimeitazama dari.
"Sasa," nikamwambia.

Upande wa pili, kimya.
Kisha simu ikatetemeka shavuni mwangu:
ujumbe wa malipo.
Nusu. Lakini imeingia.